UZI: Tusihesabu siku za safari, tuhesabu siku za kufua. Nguo za kusafiria ndani ya begi moja

Begi_Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na mlio njiani Mungu awafikishe salama.

Miaka minne iliyopita nilifunga safari ya wiki tatu nikiwa na sanduku la kilo 23, na begi la mgongoni juu yake. Siku ya pili nikashukia kituo cha treni ambacho lifti yake ilikuwa imekufa. Nikapandisha mzigo kwa mafungu: begi kwanza, nikaliacha juu, nikashuka kufuata sanduku huku shingo nimeigeuzia kule begi lilipo. Usiku ule mikono bado inatetemeka nikachukua daftari, nikaanza kuandika kila nguo ninayovaa kila siku. Niliporudi nyumbani nikajumlisha. Nilibeba nguo 34, soksi na za ndani sijazihesabu. Nilivaa 12. Zile 22 nilizipandisha ngazi, nikazishusha, nikazirudisha kabatini na mikunjo ileile niliyozifungia.

Tangu hapo natembea na begi moja la lita 30. Nimeenda nalo siku nne, nimeenda nalo miezi miwili, na nguo zilizokuwemo zilikuwa zilezile. Kila anayeliona swali lake la kwanza ni "unakunjaje?" Nakunja kama watu wote. Kilichobadilika ni hesabu.

Wengi tunapopanga nguo tunahesabu siku: safari siku kumi, basi mashati kumi. Mimi najiuliza nitafua kila baada ya siku ngapi. Nikifua kila baada ya siku tatu, nahitaji nguo za juu nne: tatu za kuvaa na moja ya kubaki mwilini wakati nyingine ziko kambani. Safari ya wiki moja, nne. Safari ya miezi miwili, nne.

Sasa hesabu hii ina sharti gumu, na wengi wanakwama hapo hapo, wanarudi kwenye sanduku na kusema mambo haya hayawezekani. Nguo lazima ikauke usiku mmoja. Isipokauka unaondoka nayo mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, jioni ina uvundo, kesho yake unanunua nyingine. Kwa hiyo kila nguo naifanyia mtihani kabla ya safari. Saa mbili usiku naifua kwa mkono kwenye sinki. Naikamua, naitandaza juu ya taulo kavu, navikunja pamoja kama mkeka, kisha napiga goti juu yake na kuhamisha uzito wangu toka mwisho huu hadi mwisho ule. Taulo linakunywa maji ambayo mikono haiwezi kuyatoa. Naianika chumbani, bila feni, bila jua. Saa kumi na mbili asubuhi sigusi kifua cha nguo, maana hapo hukauka mapema. Nagusa mishono ya kwapa, ukosi, ukanda wa kiuno na mifuko ya ndani. Penye unyevu, nguo hiyo haisafiri, hata niipende vipi. Jinzi zangu zote mbili zilianguka mtihani. Moja ukanda wake ulikuwa bado mbichi saa nane mchana.

Sharti la pili ni rangi. Kila nguo ya juu ikubaliane na kila nguo ya chini. Juu tano na chini tatu zinazoelewana zote zinakupa namna 15 za kuvaa. Ukiingiza blauzi moja inayokwenda na sketi moja tu, zinabaki 13, na vipande ulivyobeba ni vilevile vinane. Mimi chini navaa nyeusi na kijivu kilichoiva, juu bluu ya giza, kijani cha jani kavu na nyeupe isiyo kali. Anayependa maua ayaweke juu, chini abaki na rangi zilizotulia.

Begi langu la sasa: tisheti tatu, shati moja la mikono mirefu, suruali mbili, kaptula moja ambayo pia naogelea nayo, sweta jepesi, koti la mvua linalojikunja ndani ya mfuko wake lenyewe, soksi jozi nne, za ndani nne. Raba ziko mguuni, ndala ndani ya begi. Siku ya kusafiri navaa kilicho kizito kuliko vyote.

Karibuni mkosoe, mwenye uzoefu aongeze.

Fundi_Cherehani

Mkuu umegusa kazi yangu. Mtihani wa usiku mmoja nimeupenda kwa sababu unampa mtu jibu bila kusoma lebo. Lakini acha nieleze kwa nini nguo nyingine zinagoma kukauka.

Kila uzi una tabia yake na maji. Viwanda vya vitambaa hupima unyevu ambao uzi mkavu huuvuta wenyewe kutoka hewani, chumba kikiwa nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa asilimia 65. Poliesta huvuta takriban asilimia 0.4 ya uzito wake. Nailoni kama 4. Pamba kama 8. Sufu hufika 16 hivi. Poliesta karibu haina maji ndani ya uzi wenyewe. Maji yako katikati ya nyuzi tu, ukikamua yanatoka. Pamba inayaingiza ndani ya uzi, na hapo hakuna mkono wa kuyakamua.

La pili ni uzito wa kitambaa, tunaupima kwa gramu kwa mita mraba. Tisheti nyepesi ni kama 150, tisheti nzito ya pamba 200. Jinzi ile nzito ya wakia 14 ni kama gramu 475. Ndiyo maana jinzi ilimwangusha mwanzisha uzi. Hata ukanda wa kiuno ni tabaka tatu nne za kitambaa hicho hicho zikishonwa pamoja, hewa itapita wapi?

Ushauri wangu kwa suruali ya safari: nailoni au poliesta yenye uzi wa kunyumbuka kidogo, ukanda mwembamba, mifuko ya wavu badala ya mifuko ya pamba. Nimewabadilishia wateja wengi mifuko tu, suruali ileile ikaanza kukauka usiku. Kitani nacho ni kizuri sana kwa joto na kinakauka upesi, ila ujue utakuwa na mikunjo muda wote. Wanaoipenda wanaipenda na mikunjo yake.

Jasho_Tele

Naomba msaada hapo kwenye poliesta. Nilifuata ushauri wa namna hii, nikanunua tisheti tatu za mazoezi, zinakauka kwa saa tatu kweli. Lakini mimi natoka jasho jingi. Siku ya kwanza jioni harufu ya kwapa ilikuwa inanitangulia mlangoni. Nafua, ikikauka hainuki, nikivaa dakika ishirini mwili ukipata joto harufu inarudi kama sijafua. Nilikuwa kwenye basi kwa muda wa saa tisa siku hiyo. Sitaki kurudia.

Fundi_Cherehani

Pole sana ndugu yangu. Si mwili wako, ni uzi. Poliesta haipendi maji ila inapenda mafuta. Mafuta ya ngozi yanang'ang'ania kwenye uzi, bakteria wanaendelea kuyala, na sabuni kidogo ya sinki na maji baridi haiyaondoi. Ndiyo maana joto la mwili likirudi na harufu inarudi.

Kwa mtu wa aina yako dawa ni sufu ya merino, kondoo wenye sufu laini. Najua ukisikia sufu unafikiria sweta linalochoma shingo. Kinachochoma ni nyuzi nene, za mikroni 30 kwenda juu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Merino ya tisheti ni mikroni 17 hadi 19, haichomi. Uzi wa sufu unafungia harufu ndani yake badala ya kuiachia hewani, unaiachia ukifuliwa. Watu wanavaa tisheti moja siku tatu nne, wakiitundika usiku ipate hewa.

Ubaya wake nao niuseme: inatoboka. Mkanda wa begi ukisugua bega kila siku, tundu linaanzia hapo. Nondo wanaila ukiihifadhi chafu. Na ukiifua kwa maji ya moto huku unaisugua kwa nguvu inasinyaa na kuwa ngumu, kwa sababu uzi wa sufu una magamba yanayoshikana. Tafuta iliyochanganywa na nailoni kidogo, inadumu zaidi.

Hizo tisheti zako usizitupe. Zigeuze ndani nje, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, kisha fua kwa sabuni ukisugua kwapa peke yake. Na safarini zifue jioni ileile kabla jasho halijakaukia.

Begi_Moja

Nakubaliana na fundi. Mimi mwenyewe ni mchanganyiko: tisheti mbili za merino, moja ya poliesta kwa siku za kupanda milima. Merino inachukua muda zaidi kukauka, lakini kwa kuwa sifui kila siku haininyimi usingizi. Pamba nimebakiza moja tu, ya kulalia.

Mama_Mapacha

Wanaume mmeongea, sasa tuwekane sawa. Hizo orodha za "tisheti tatu suruali mbili" mwanamke akizifuata kama zilivyo atahangaika.

Kwanza sidiria. Zenye sponji hazikauki usiku mmoja, nimejaribu zote nilizonazo. Beba mbili zisizo na sponji, moja mwilini moja kambani. Hedhi nayo haisubiri safari iishe. Pedi za kufua ni nzuri nyumbani, lakini zimetengenezwa kunywa maji, kwa hiyo kwa mtihani wa mkuu hapo juu zinafeli. Safarini natumia kikombe cha hedhi, kinachemshwa, kinakaa kwenye kifuko cha ukubwa wa ngumi. Ila dada zangu, msikianzie safarini. Kizoeeni nyumbani miezi miwili mitatu kwanza.

Pili, kuna sehemu za ibada na nyumba za watu ambapo mabega na magoti lazima yafunikwe. Wanaume suruali inawamaliza kazi. Mimi nabeba shali moja pana ya sufu nyembamba. Ni mtandio, ni blanketi la kwenye basi, ni pazia la kunyonyeshea, ni mto ukiikunja, na watoto wakilala naiweka chini. Kipande kimoja katika begi langu nisichoweza kukiacha ni hicho.

Tatu, gauni jeusi la kitambaa cha kunyumbuka, refu kidogo kupita magoti. Peke yake ni vazi la jioni. Ukivaa na taitsi ni la kutembelea. Ukivaa blauzi juu yake linakuwa sketi. Halijikunji na linakauka.

Kuhusu watoto, kanuni ya siku tatu haifanyi kazi, wanachafua nguo mbili kwa siku na hakuna wa kuwazuia. Lakini nguo zao ni ndogo, zinakauka upesi kuliko za mtu mzima. Mapacha wangu nawabebea juu tano kila mmoja, nafua kila usiku wakilala. Nimewavalisha saizi moja makusudi, ili ya huyu imwokoe yule.

Kabati_Dogo

Mama Mapacha nimejifunza, ahsante. Naongeza historia kidogo kwa sababu inasaidia.

Wazo la nguo chache zinazooana zote halikuanzia kwenye safari. Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, alilitangaza miaka ya 1970: mwanamke awe na vipande vichache vizuri visivyopitwa na wakati, kisha aongezee vidogo vya msimu. Mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan, New York, akatoa mkusanyiko wake wa kwanza kwa jina lake, vipande saba vinavyoingiliana, kwa ajili ya mwanamke anayetoka kazini kwenda kwenye shughuli za jioni bila kurudi nyumbani kubadilisha.

Nasema inasaidia kwa sababu maana yake unaweza kufanya mazoezi bila kusafiri. Mimi kabla ya safari yangu ya kwanza nyepesi nilipanga nguo zangu kwenye begi na kuishi kutoka kwenye begi hilo siku 14 hapa hapa nyumbani, naenda nazo kazini. Siku ya sita nikagundua kuna blauzi sijaigusa, naikwepa kila asubuhi bila kujua kwa nini. Nikaitoa. Kama huivai ukiwa nyumbani, kule ugenini hutaipenda ghafla.

Nyuzi_Joto_Hasi

Haya yote ni ya nchi za joto. Mimi kazi yangu inanipeleka kwenye baridi la hasi kumi na zaidi. Begi la lita 30 haliwezi hata kubeba koti langu. Huko mnasemaje?

Begi_Moja

Mkuu, nimelala huko kwenye hasi kumi na mbili na begi hilihili, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokifanya.

Koti nene ndilo linalodanganya watu. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo, ndiyo maana sweta mbili nyembamba zinalishinda moja nene, na ukiingia ndani ya jengo unapunguza moja badala ya kuloa jasho. Mwilini nilikuwa na fulana na taitsi ndefu za merino, juu yake flisi (sweta laini la poliesta), juu yake jaketi jembamba la manyoya ya bata, na nje kabisa lile koti langu la mvua ambalo kazi yake huko ni kuzuia upepo. Kofia, glavu, soksi nene. Nguo za kila siku zilibaki zilezile, zinavaliwa katikati.

Jaketi la manyoya linabanwa hadi linaingia kwenye kifuko cha ukubwa wa chupa ya lita moja na nusu. Angalizo moja la maana: manyoya yakilowa yanashikana, hewa inatoka, joto linaisha. Unakokwenda kukiwa na mvua ya baridi kuliko theluji kavu, chukua lililojazwa nyuzi za kiwandani kama poliesta. Ni kubwa kidogo lakini likilowa bado linafanya kazi.

Na viatu vizito vya baridi unavivaa siku ya safari, haviingii begini kamwe.

Kikao_Saa_Tatu

Mimi ni mtu wa mikutano, suti ni lazima. Nimekuwa nikisafiri na lile begi refu la suti na linanichosha.

Nilichogundua mwaka huu: suruali ya suti ya sufu nyembamba, ya rangi ya giza, inafaa mkutanoni na inafaa kutembelea mji ukivaa na tisheti safi. Basi nimeacha kubeba suruali nyingine, nabeba hiyo na moja ya ziada. Koti nalikunja hivi: geuza bega moja ndani nje, ingiza bega la pili ndani ya hilo, bitana inakuwa nje, kisha likunje mara moja katikati juu ya nguo laini. Ukifika litundike bafuni, oga maji ya moto mlango umefungwa, mvuke unanyoosha mikunjo midogo. Mashati mawili yasiyohitaji pasi. Viatu vyeusi vya ngozi laini vya kufunga, soli ya mpira, ambavyo natembea navyo siku nzima. Jozi moja tu.

Miguu_Kwanza

Hapo kwenye viatu ndipo begi linaposhinda au kushindwa, na mnapita haraka sana. Pima raba zako kwenye mizani ya jikoni. Jozi ya raba za kawaida ni kama gramu 600 hadi 800. Buti za milimani zinavuka kilo. Jozi ya tatu ya viatu "kwa ajili ya jioni" ina uzito kuliko tisheti nne. Jozi mbili, basi, na hakuna jozi mpya. Nilienda safari na viatu vya siku tano tangu ninunue, siku ya tatu visigino vyote viwili vilikuwa vimechunika na nikatembea kwa ndala wiki nzima iliyobaki. Vitembelee kilomita 50 nyumbani kwanza.

Dirishani_Daima

Wakuu, msisahau mizani ya ndege. Mashirika mengi yanaruhusu begi la ndani la kilo 7, mengine 10, mengine hayapimi. Kipimo cha sentimita 55 kwa 40 kwa 20 utakutana nacho sana, lakini soma tiketi yako kwa sababu tiketi za bei ya chini huruhusu begi dogo la chini ya kiti peke yake. Begi tupu lenye magurudumu linaweza kuwa kilo 2.5 kabla hujaweka kitu. La mgongoni unalipata kwa kilo moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Sabuni beba ya mche. Tangu mwaka 2006 kanuni ya vimiminika vya mililita 100 kwenye mfuko wa lita moja imeenea karibu kila mahali, ingawa viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kuilegeza. Sabuni ya mche haihesabiwi, na inafua, inaogesha, vyote.

Na ikitokea ndege imejaa wakaomba begi lako lishushwe chini, toa benki ya umeme (power bank) kabla hujalikabidhi. Betri za akiba hairuhusiwi kukaa kwenye shehena ya chini, kwa sababu zikishika moto kule hakuna wa kuzizima. Mimi naiweka kwenye mfuko wa juu kabisa ili nisipekue nguo mbele ya watu.

Rangi_Zote

Naheshimu uzoefu wenu lakini mimi nguo ni furaha yangu. Nikiangalia picha za safari nimevaa shati lilelile kila mahali nitajisikia vibaya. Safari ya maisha, halafu nivae kijivu?

Kabati_Dogo

Dada, usivae kijivu kama hukipendi. Chagua rangi mbili unazozipenda kwa moyo wote na nyeusi moja, basi kila kipande kitoke humo. Mimi ni njano ya haradali na bluu. Picha zangu zinabadilika kwa shali, mkufu na hereni, ambavyo vyote pamoja havifiki gramu 300. Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo sitakuamulia mzigo wako. Kama unaubeba mwenyewe ngazi zote na bado una furaha, beba.

Mgeni_Njiani

Nimefuatilia uzi tangu jana nikafanya mtihani usiku. Safari yangu ni wiki ijayo, siku 16. Tisheti zimepita. Gauni limepita. Suruali yangu ya kaki niliyoitegemea imekauka yote isipokuwa ukanda na mfuko wa nyuma. Ndiyo basi niiache? Ndiyo inayonikaa vizuri kuliko zote.

Begi_Moja

Usiiache bado. Uliianika vipi? Kama uliitundika miguu juu, maji yote yameteremkia kwenye ukanda, pale palipo pazito. Rudia leo hivi: ikishatoka kwenye taulo, ipindue ndani nje, vuta mifuko yote itoke nje ining'inie, fungua kifungo na zipu. Itundike ukanda ukiwa juu, ishike sehemu mbili, kushoto na kulia, ili kiuno kibaki wazi kama mdomo wa kikapu na hewa ishuke ndani ya miguu. Maji yatateremka kwenye pindo, ambako kitambaa ni chepesi. Kabla ya kulala kamua pindo mara moja.

Ukiamka ukakuta mfuko wa nyuma peke yake ndio mbichi, mpelekee fundi autoe. Ni kazi ya dakika chache.

Mgeni_Njiani

Ilikuwa miguu juu kweli. Naifua tena sasa hivi.